Kaseti za Bibi na Kitufe cha Kuondoa Kelele

Usiku ule nililala saa mbili, nimeshiba ugali, nimeshiba na sifa, mtu asiye na habari yoyote.

Sifa zenyewe zilitoka kwenye kundi la familia kwenye simu. Jioni hiyo nilikuwa nimetuma nyimbo za kaseti ya kumi na tisa, na binamu zangu wakamiminika. "Safi kabisa!" "Kama studio!" "Sefu, kumbe una kipaji, toka nje watu wakuone!" Hilo la kutoka nje ni utani wangu wa kudumu. Mimi ni mtu wa ndani. Hapa Ifakara wananiita Sefu wa Dirishani, kwa sababu nauza barafu na maji baridi kupitia dirisha la mbele la sebule, na ninao wateja wa miaka mitatu ambao hawajawahi kuiona miguu yangu. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata alama za kutosha kunirudisha nyumbani, nikarudi, na mpaka leo sijaona sababu ya kuondoka tena.

Kazi ya kaseti nilipewa na dada yangu Tausi, aliyeolewa Dodoma. Zilikuwa ishirini na tatu, ndani ya sanduku la bati la marehemu Bibi, mzaa mama, aliyetulea. Mama mwenyewe alifariki mimi nikiwa na miaka miwili na Tausi kumi na moja. Picha yake tunayo moja, ndogo, ya kitambulisho, amefumba mdomo na kukaza uso kama mtu aliyeambiwa asipumue. Sauti yake siijui. Kwa miaka miwili humkumbuki mtu, unakumbuka ulivyosimuliwa.

Bibi naye alipofariki, huu ni mwaka wa tano, sanduku likabaki chini ya kitanda chake. Hakuwahi kuzipiga zile kaseti mbele yangu hata siku moja. Mimi nilipopata akili, kitufe chekundu cha kurekodia kwenye redio yake kilikuwa kimeshaganda kwa kutu. Tausi ndiye aliyenisimulia zilivyorekodiwa. Enzi hizo, mtu akiutaka wimbo wa redioni anachukua redio mbili: moja inaimba, na ya pili, yenye kaseti, inasikiliza kwa kile kitundu chake, na nyumba nzima inaamriwa inyamaze. Bibi alikuwa na redio ndogo ya betri juu ya kabati, na redio kaseti kubwa aliyoiweka kwenye dirisha la nyuma, linalotazama jiko la uani. Nilipoambiwa hivyo nilicheka. Unarekodi redio iliyoko kabatini, mashine umeipeleka dirishani!

"Bibi mambo ya sauti yalimpita kushoto," nikamwambia Tausi.

Tausi hakucheka. Alisema tu, "Wewe zihamishe, mdogo wangu. Taratibu."

Taratibu hiyo ilikuwa na sababu. Redio kaseti ya Bibi fundi ameifufua, lakini imezeeka vibaya. Inapiga kaseti mara moja vizuri, ukiirudia inautafuna utepe. Kwa hiyo kila kaseti ina nafasi moja. Unachomeka waya kutoka redioni kwenda kwenye kompyuta, unabonyeza, unakaa kimya mpaka iishe. Usichokipata siku hiyo, hukipati tena.

Na kabla ya kubonyeza, kompyuta inakuuliza unataka ubora gani. Hapo ndipo elimu yangu ikaingia kazini. Juu kabisa kuna faili kubwa, zito, linalokula nafasi. Chini kabisa kuna 64, dogo, jepesi, linatumwa kabla hujakohoa. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa mechi za mpira na filamu za mapigano nilizokwisha kuziona mara mbili mbili. Simu za binamu zangu zimejaa vilevile na wote wanalia bando. Nikasoma maelezo: ukichagua dogo, sauti hafifu zilizofunikwa na sauti kubwa zinatupwa, kwani sikio la kawaida halizitambui. Nikaona, kama sikio halizitambui, zinakaa humo kufanya nini? Nikachagua 64.

Chini yake kulikuwa na kitufe kingine, Ondoa Kelele. Hicho nilikipenda kama mtoto anavyopenda peremende. Kaseti za Bibi zilikuwa na kila kitu ndani: jogoo, sufuria, mvua juu ya bati, Bibi mwenyewe mwanzoni akikemea, "Nyamazeni, narekodi!" Na kuliko vyote, kulikuwa na mwanamke mmoja huko nyuma. Katika kila kaseti. Nikasema huyu ni jirani, na jirani mwenyewe hana adabu. Anafuatisha kila wimbo, anachelewa nusu mstari, maneno asiyoyajua anayaguna, na wimbo ukiisha yeye bado hajamaliza. Kitufe kile kina mshale wa nguvu. Nikauvuta nusu, mwanamke akabaki kama mbu. Nikauvuta mpaka mwisho, akaisha. Kimya safi. Nikahifadhi ile safi, chafu nikaitupa kwa kuwa nafasi haitoshi, nikajipongeza kwa maji baridi.

Kaseti zilizokwisha nilimpa Deo, jirani yangu mwenye shamba la mpunga. Alizitaka mwenyewe. Utepe wa kaseti ukiuvuta kutoka mti hadi mti juu ya mpunga, upepo ukipita unavuma na kumetameta, na ndege waharibifu wanakimbia. Nikampa kumi na tisa bila kufikiri, na viplastiki vyake wanawe wakavigeuza magari ya kuchezea. Sebule ikapata nafasi.

Katika zile sifa za jioni, Tausi peke yake aliandika tofauti. Aliandika, "Mbona kimya hivi?" Nikamjibu, "Ndiyo teknolojia, dada." Nikalala.

Nikawa sebuleni. Si kwamba niliingia, nilijikuta tu niko pale. Ilikuwa mchana, jua limejilaza sakafuni vile linavyojilaza saa saba. Bibi alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, redio kubwa ameipakata kama mtoto mwenye homa. Sikushangaa. Ndotoni marehemu anakaa kwake, wewe ndiye unayejiona mgeni. Nikataka kumwamkia, lakini mdomo ulikuwa umejaa barafu, ile ya biashara, ya mfuko mzima. Natafuna, haiishi.

Bibi akanitazama, akafungua mdomo, akasema kitu kirefu. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, inakatikakatika, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi wenye maji. Niliijua mara moja. Ilikuwa sauti ya 64.

"Subiri, Bibi," nikasema, barafu ikinidondoka kifuani. "Subiri nikuongeze."

Kwa sababu ukutani, pale inapokaa kalenda, palikuwa na mshale. Nikauvuta juu. Ukarudi chini. Nikauvuta tena kwa mikono miwili, nikauning'inia kwa uzito wangu wote, ambao si haba, nao unashuka polepole, unanishusha pamoja nao, mpaka nimepiga magoti. Bibi anaendelea kusema. Uso wake una haraka. Anasema jambo la maana, naliona kwenye nyusi zake, na mimi sipati hata neno.

Kisha hatuko sebuleni. Tuko shambani kwa Deo, mimi ambaye shamba hilo nalijua kwa kusikia tu, na hata huko ndotoni nimevaa ndala za kuogea. Tepe zimefungwa kutoka mti hadi mti, nyeusi, zinang'aa, mistari na mistari juu ya mpunga unaoanza kugeuka rangi. Ndege wanakuja kama moshi, wanakaribia, wanageuka. Bibi anatembea mbele yangu juu ya tuta, peku, kwa kasi ambayo akiwa hai hakuwa nayo, redio iko kichwani. Kila anapopita chini ya utepe anainama kidogo, kama mtu anayepita mbele ya watu waliokaa.

Nikatega sikio kwenye utepe mmoja. Vuuu. Kwenye wa pili. Vuuu. Nikaushika wa tatu, nikaubana sikioni mpaka ukanikata ngozi. Ndani yake kulikuwa na upepo tu.

Katikati ya mpunga, mahali ambapo maji hayaruhusu mtu kuwasha kitu, kuna mafiga matatu na moto unawaka. Mwanamke ameinamia chungu, amenipa mgongo, kanga ameikaza kiunoni. Mabega yake yanakwenda kushoto, yanakwenda kulia, yanatulia, yanakwenda tena. Ni mabega ya mtu anayeimba. Nikasimama nikingoja sauti ifike, kama unavyongoja mlio wa shoka la mtu aliye ng'ambo. Haikufika.

Deo yupo, amekaa juu ya tuta, anakaza fundo. Wala hanitazami.

"Nzuri hizi, Sefu," anasema kwa furaha. "Ndege hawathubutu. Huna nyingine?"

"Deo, nifungulie."

"Nikufungulie nini?"

"Zote. Zirudishe ndani."

Akacheka, si kwa ubaya, vile tunavyocheka naye siku zote dirishani. "Sefu bwana! Nizirudishe ndani ya nini? Vile viplastiki wanangu wameshavifanya magari, vimeburuzwa mpaka vimekwisha."

Naanza kuzifungua mwenyewe. Nakusanya utepe kifuani, mikono imejaa, unateleza, unanizunguka miguu, unaingia katikati ya vidole. Kadiri ninavyokusanya, ndivyo shamba linavyozidi kurefuka. Nataka kulia nashindwa, nataka kukaa chini nashindwa, kuna maji. Na Bibi amesharudi, amesimama karibu kabisa, nasikia harufu yake ya ugoro. Safari hii sauti ni yake mwenyewe, nzito, nzima, kama alivyokuwa akiniamsha niende shule.

"Mama yako anakuita toka asubuhi. Mbona huitiki?"

"Simsikii, Bibi."

"Utamsikiaje? Umemtoa."

Hakusema kwa ukali. Bibi akiwa hai alinikalipia hata kwa kumwaga chumvi, na siku hiyo, kwa jambo hilo, hakunikalipia. Hapo ndipo niliogopa.

Nikakimbia. Hata ndotoni mimi nikikimbia nakimbilia nyumbani. Nikafika dirishani kwangu, upande wa ndani, nikafunga mlango, nikageuka, na nje kuna foleni. Wote ni binamu zangu. Nyuso zinang'aa kama vioo vya simu.

"Nipe ndogo," anasema wa kwanza.

"Mimi nipe ndogo zaidi."

"Mimi ndogo kabisa, Sefu, nina bando la kubabaisha."

Nafungua friji. Ndani kuna bonge moja tu la barafu, na katikati yake, zimeganda, kaseti nne. Nachukua kisu naanza kuchonga. Barafu inaota upya nyuma ya kisu. Wanagonga dirisha. "Safi kabisa!" wanasema, wote kwa sauti moja, kama wanafunzi wanaomwamkia mkaguzi. "Kama studio!"

"Subirini," nawaambia. "Jamani, subirini kidogo. Kuna mtu ananiita."

Wakanyamaza. Watu wema wale, walinyamaza kweli, wakainamisha vichwa, wakasikiliza. Kisha yule wa kwanza akasema kwa upole, "Sefu, hatusikii mtu."

Na walikuwa wakweli. Hakukuwa na sauti ya mtu. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri.

Nilipogeuka ili nifunge friji, friji halikuwapo. Sebule ni ile ile lakini kuta ni za bluu, rangi ya zamani ya nyumba yetu ambayo nimeisikia kwa kusimuliwa tu. Redio ndogo iko juu ya kabati, inaimba. Bibi ni Bibi wa makamo, ana meno yote, anatembea bila kushika ukuta. Ameibeba redio kubwa, anaiweka dirisha la nyuma. Kisha anaigeuza. Kile kitundu cha kusikilizia kinatazama nje, uani, kimeipa kisogo ile redio inayoimba.

Na mimi, hata katika hali ile, nikiwa na utepe bado umenizunguka miguu, ujuaji ukanitoka.

"Bibi, unakosea. Isogeze kabatini. Hapo utazoa kelele zote za jikoni."

Bibi akauacha mkono juu ya kitufe chekundu. Akanitazama muda mrefu, vile mtu anavyomtazama mtoto aliyefaulu mtihani usiokuwa wake.

"Redio ninayo kila siku," akasema. "Niirekodi ya nini?"

Akabonyeza.

Nikatazama nje. Mwanamke yule yuko jikoni uani, na sasa amenielekea. Uso wake si ule wa kitambulisho. Ana mwanya. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ana mwanya, picha imefumba mdomo. Mgongoni amefunga mtoto, na mtoto huyo ana kichwa kikubwa ambacho nimekuwa nikikitazama kwenye kioo miaka yote. Mama anaimba. Nauona wimbo mdomoni mwake, mstari baada ya mstari. Naona redio inamwacha, naona anavyoikimbiza, anavyojicheka kwa kuachwa. Sauti hakuna. Na yule mtoto amelaza sikio pale pale, juu ya mgongo unaotetemeka kwa wimbo, anasikia kila kitu, mpumbavu yule, na amelala.

Mbele ya macho yangu, hewani, yakatokea maandishi: Chagua ubora. Chini yake: Ndogo. Ndogo Zaidi. Ndogo Kabisa. Natafuta nyingine. Nashuka nayo orodha, inashuka, Ndogo, Ndogo, Ndogo, haina mwisho, na mama anaendelea kuimba na wimbo unakwenda kuisha, na kidole changu, ambacho sikukituma, kinanyanyuka chenyewe.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Bibi, nisaidie, nashindwa!"

Bibi ameshanigeuzia mgongo. Anaongea kama mtu anayemwagiza mtoto dukani.

"Zimebaki nne. Mwambie Tausi. Hizo msitusafishe."

Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka, kap, nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Friji linanguruma, mto uko chini, na mimi nimekaa kitandani nimejikumbatia kama niliyebeba kitu. Nilijaribu kwanza kujidanganya. Nikasema huo ni ugali, mtu ukila ukalala saa mbili utaota hata ng'ombe wanasoma. Nikaenda kwenye kompyuta, nikafungua wimbo mmoja kati ya nilizotuma, nikaweka spika sikioni, nikasikiliza pale ambapo mwimbaji anapumzika na ala zinashuka, pale alipokuwa anapenda kuingia. Kimya. Kimya kizuri, cha studio. Nikaufungua wa pili. Nikaufungua wa tatu.

Kaseti nne zilikuwa mezani. Nikaingia kwenye ubora, 64 bado imewekewa alama yake. Nikapanda mpaka juu kabisa, pale wanapoandika bila kupunguza. Kitufe cha kelele nikakizima. Kompyuta ikaniambia nafasi haitoshi. Nikafuta mechi zote, hata ile fainali. Nikafuta filamu zote za mapigano. Nafasi ikapatikana tele, ya siku nzima, na muda wote ilikuwapo. Lakini sikubonyeza. Nilikuwa nimetumwa mahali kwanza. Nikapiga simu.

"Sefu? Nani amefariki?" Tausi hata hakusubiri salamu.

"Shikamoo, dada. Hakuna mtu. Ni kaseti."

"Kaseti!" Akafyonya. "Alfajiri hii! We mtoto, mimi nina moyo mmoja tu, usiuchezee."

"Dada, yule mwanamke anayeimba nyuma."

Nilisikia anatoka chumbani, mlango unafungwa polepole.

"Ulimsikia?"

"Kwenye zote."

"Mbona kwenye ulizotuma hayumo?" Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Sikukwambia, nilitaka umtambue mwenyewe, nami nimezisikiliza zote, Sefu. Nimejifungia chooni nikazisikiliza. Nikasema basi, miaka imemfuta, kaseti nazo zinakufa. Nikajisemea hili si kosa la mtu."

Hapo nilikuwa nimefunguliwa mlango mpana wa kutokea. Miaka. Ningesema tu ndiyo, dada, ni miaka, na tungelia pamoja kwa amani, na Deo angeendelea na ndege wake.

"Si miaka," nikasema. "Ni mimi. Nilimtoa. Nilidhani ni jirani."

"Jirani," akarudia.

Hakunifokea. Ningeshukuru angenifokea. Akauliza kaseti zenyewe ziko wapi, nikamweleza habari ya Deo na mpunga, yote, hata magari ya watoto. Akauliza zimebaki ngapi.

"Nne. Bibi kasema hizo tusiwasafishe."

Hakuuliza Bibi kasema lini. "Usiguse kitu," akasema. "Napanda basi la leo. Tutakaa wote wawili tusikilize ikipita hiyo mara yake moja. Umenisikia? Usiguse."

"Sigusi, dada."

Nilidhani amemaliza, lakini simu hakuikata.

"Sefu."

"Naam, dada."

"Hivi ilikuwaje, sauti yake? Mimi imeanza kunitoka. Nikiitafuta napata ya Bibi. Wewe umeisikia juzi."

Nikafumba macho, nikatafuta. Kaseti kumi na tisa, pande zote mbili. Hakuna mtu aliye hai aliyekaa na mama yetu muda mrefu hivi karibuni kama mimi, na muda wote huo nilikuwa natafuta pa kumkatia. Nilitaka kusema nyororo, nikaona nambunia. Nilitaka kusema nzito kidogo, nikakosa hakika.

"Alikuwa na furaha," nikasema mwishowe.

"Hilo najua," akasema Tausi. "Sauti, Sefu. Nakuuliza sauti."